Ombi la Kuwafungia Wazee Ndani Mpaka Nifike Darajani

Mheshimiwa Meya wa Jiji,

Kwa heshima zote, na kwa jasho ambalo bado halijakauka, pokea malalamiko yangu. Mimi ni mgeni kwako. Nimekuja likizo na mjomba wangu, fundi cherehani. Nyumbani naitwa Mshale. Jina hilo sikujipa. Nililipendekeza tu, watu wakakubali baada ya kusumbuliwa. Shule nilisoma kiasi, nikaona inatosha, nikawaachia wengine nafasi. Nasikia huko ofisini hamjui Kiswahili. Basi mtafute mkalimani, maana hata mimi sikuletewa baiskeli, nilikwenda kukodi.

Kabla ya safari niliwatangazia vijana wote wa mtaani kwetu kwamba nitalizunguka jiji lako kwa mbio na baiskeli, nirudi na picha yangu nikiwa juu ya lile daraja kubwa la chuma. Dada yangu mdogo alicheka mpaka akashika ukuta. Akasema, "Wewe? Picha utakayoleta ni ya kitanda cha hoteli." Sasa kesho ndiyo siku yetu ya mwisho, na darajani sijafika. Kosa si langu. Kosa ni hivi:

1. Wazee wako wanaamka mapema mno. Kwetu mtu mzima haamkiwi umekaa juu ya tandiko. Unashuka, unaegemeza baiskeli, unatoa shikamoo, unangoja. Mama alimwagiza mjomba anisimamie hata ugenini, na mjomba kwa maagizo ya mama ni askari. Baiskeli tumekodi moja: mmoja anaendesha, mwenzake anakimbia pembeni, tukifika kona tunabadilishana. Mtaa mmoja tu una bibi anayemwagilia maua, babu wa kofia kwenye benchi, na mama mwenye mbwa wengi kuliko mikono. Nashuka, napanda, nashuka, napanda, utadhani tandiko lina siafu.

2. Wazee hao wakiamkiwa hawaitikii. Wanadhani tumepotea! Nikisema shikamoo, bibi wa maua anaweka ndoo chini, ananishika mkono, anatuelekeza stesheni. Babu wa kofia alituchorea ramani kwenye mfuko wa mkate: stesheni. Mama wa mbwa alitusindikiza mwenyewe mpaka mlangoni. Mlango wa wapi? Stesheni. Mjomba akaona awafundishe kuitikia marahaba, akawaimbia neno hilo kila asubuhi kama anabembeleza mtoto. Hakuna aliyelishika. Mkata tiketi sasa akituona anamgusa mwenzake bega, na sidhani kama wananisifu.

3. Mjomba. Huyu si wako, lakini jiji lako limemharibu. Nyumbani akipanda ngazi anataka ashikwe mkono. Hapa anaruka kama mwanambuzi. Jana kwenye kile kilima cha nyuma ya soko alinipita, yeye kwa miguu, mimi kwa baiskeli, akageuka akaniuliza, "Vipi Mshale, upinde umelegea?" Nilikuwa nimepunguza mwendo kwa makusudi, natazama majengo. Naomba kilima hicho kishushwe kidogo.

4. Nafasi hii naiacha kwa hasira zitakazojitokeza baadaye.

Kwa hiyo naomba kwa unyenyekevu kwamba kesho asubuhi wazee wote wafungiwe ndani mpaka nipite. Kama kuwafungia ni taabu, wapelekewe chai kitandani. Kama chai nayo ni taabu, basi toa tangazo kwamba kwa asubuhi hiyo moja mimi ndiye mzee wa jiji, na wao ndio wa kuniamkia. Nitaitikia bila kushuka.

Wasalimie watu wa nyumbani kwako, makarani wako, wafagiaji wa barabara, na yule mkata tiketi. Mwambie sijapotea.

Ni mimi mgeni wako mtiifu, mwenye haraka,
Mshale

Nyongeza: Kabla sijaituma barua, kumekucha na mvua. Mtaa mweupe, mzee hata wa dawa hakuna. Mjomba akasema, "Haya, daraja lako hilo. Chochea!" Nikachochea. Nilipofika kwenye benchi la babu wa kofia, miguu ikashuka yenyewe. Nikaegemeza baiskeli, nikaliamkia benchi tupu, huku nalowa. Nikamngoja mjomba anicheke. Hakucheka; naye alikuwa amesimama. Mara dirisha la juu likafunguka, bibi wa maua akatoa kichwa, akapiga kelele mtaa mzima usikie: "Marahaba!"

Tukaitwa ndani. Babu wa kofia alikuwemo, kumbe ni mumewe, na kofia haivui hata mezani. Mpaka mvua inakatika, muda wa kurudisha baiskeli ulikuwa umefika. Picha ninayo: mimi jikoni kwao, taulo kichwani, kikombe mkononi. Kwa hiyo wazee usiwafungie, waache hivyo hivyo. Ila dada yangu akikuandikia kuuliza, tafadhali mjibu kwamba daraja liko pale pale kwenye picha, nyuma ya mvuke wa birika.