Babu wa Sebuleni

Jumatatu, 3 Machi
Swali hili limenisumbua tangu chuo kikuu: je, watu wenye jina moja ni ndugu, au ni wapangaji tu waliokutana ndani ya jina? Jumapili wote wenye jina letu mjini watachagua mwandishi wa historia ya ukoo. Nafasi hiyo ni yangu. Nina shahada mbili. Mpinzani ni wifi, mke wa kaka yangu, muuza dawa. Jina kalikuta kwenye ndoa, shahada hana. Ana mdomo.

Jumanne, 4 Machi
Ajabu! Nimezuru nyumba tatu za wenye jina letu, wasiojuana kabisa. Sebuleni kote, picha ileile: mzee wa masharubu, kofia mkononi, jicho moja dogo kuliko jingine. Kote humwita Babu. Nyumba ya kwanza yadai alikuwa seremala. Ya pili, hakimu. Ya tatu, kwamba alikufa kwa shibe. Mtu mmoja aweza kuwa yote matatu.

Jumatano, 5 Machi
Shangazi naye anayo! Nilipomuuliza ni nani, alishangaa: alidhani ni wa upande wa mama yangu. Nimeandika: "Shahidi amethibitisha." Nimefuta. Nimeandika tena, kwa penseli.

Alhamisi, 6 Machi
Wifi kapita kunichungulia. Kauliza kama masharubu ya babu yetu yalipigwa pasi. Kisha, kwa upole wa kutia shaka: "Wifi yangu, hebu kamuulize fundi wa fremu pale kituoni." Nimemjibu kwamba fundi si chanzo cha kitaaluma. Akasema haya, maji nimeyavulia nguo, niyaoge.

Ijumaa, 7 Machi
Nimekwenda kwa fundi, kwa siri, nimevaa miwani ya jua. Ukutani mwake wananing'inia akina Babu kumi na wawili! Eti ni picha ya kuonyeshea fremu tu. Mteja akifika nyumbani aitoe, aweke yake. Mzee mwenyewe hamjui. Picha zilikuja ndani ya katoni. Nilipomtajia jina letu, akafunua daftari la wateja, akakuna kichwa. "Dada, wote huitoa. Ila ninyi wa jina hili. Sijui mna nini."

Jumamosi, 8 Machi
Nimelala chali, nikitafakari. Mna nini? Swali zuri sana.

Jumapili, 9 Machi
Nilisimama nikakiri: Babu si wetu. Lakini watu wasiojuana wamenunua fremu, na wote wameshindwa kuchomoa karatasi moja! Uvivu wa namna hiyo haufundishwi, hurithiwa. Basi sisi ni ndugu. Nilishangiliwa mno, ingawa hakuna aliyeinuka kitini.

Kisha kura, kwa kunyoosha mikono. Wifi, tatu. Mimi, mbili. Watu arobaini hawakunyoosha kabisa, akiwemo shangazi aliyeniapia kunipa kura yake. Nimeihesabu hali hiyo kuwa uthibitisho.

Lisilotatuliwa ni kwa nini hata mimi sikujipigia. Mkono ulibaki pajani, mzito. Ilikuwa staha ya kisomi, au ni damu? Mtafiti hawezi kujichunguza mwenyewe bila upendeleo, hivyo sitajua.

Hata hivyo nyumba zote nne zina saa ya ukutani ya aina moja, ya duara, yenye mishale myeusi. Hiyo haiwezi kuwa bahati. Kesho naanza.