Jembe Jipya la Kwenda Mwamgongo

Mtu anayemuuliza wakala wa pesa za simu, "Kwa siku naweza kutoa mwisho shilingi ngapi?" si mtu mwenye elfu kumi. Mwenye elfu kumi huuliza makato. Alphonce aliijua elimu hiyo kama wengine wanavyoijua sala ya chakula, kwa hiyo swali hilo lilipomfikia pale Gungu, mbele ya kibanda cha wakala, aliacha kutafuna karanga.

Aliyeuliza alikuwa binti wa miaka ishirini na minne hivi, koti jeupe la maabara kaliweka kwapani, viatu vimeshonwa kisigino kwa uzi wa rangi nyingine. Viatu vya mtu aliyekuwa hana kitu mpaka juzi.

"Malimbikizo yameingia," alimwambia wakala, bila kupunguza sauti. "Miezi mitano kwa mkupuo mmoja."

Wako watu duniani wanaofunga chumba kwa kufuli mbili, kisha wanautangaza mshahara wao kibandani. Mungu huwaumba makusudi, ili watu kama Alphonce wasife njaa.

Inafaa ifahamike mapema kwamba Alphonce hakujiona mwizi. Mwizi huvunja mlango. Yeye alikaribishwa ndani na kupewa kiti. Alikuwa amefika Kigoma kwa treni mwezi mmoja uliopita, mzaliwa wa nchi kavu huko katikati, mahali ambapo maji mengi ni yale ya ndoo. Alikodi chumba nyuma ya saluni na kufungua darasa la jioni aliloliita Shule ya Shilingi. Humo aliwafundisha walimu, wauguzi na makarani wapya namna ya kutunza mishahara yao. Ada ilikuwa elfu thelathini kwa kichwa. Wanafunzi walikuwa thelathini. Ada zote zililala katika mfuko wa siri alioushonea ndani ya suruali, upande wa kushoto, zikisubiri treni ya Jumapili.

Lakini laki tisa humkimbiza mtu tu, hazimfikishi. Alphonce alitaka kushuka Tabora akiwa na mtaji wa duka, si nauli na wasiwasi. Akanyoosha kola.

"Samahani, dada yangu. Nimesikia unataka kuzitoa zote."

"Zikikaa kwenye simu nitazichezea, kaka."

"Umefanya vyema kuogopa. Hela ya kwanza ni mtoto mchanga. Ukimwacha peke yake kitandani, utamkuta sakafuni."

Binti akacheka. Aliitwa Winfrida, mtaalamu wa maabara katika kituo cha afya. Jioni ile ile alikaa kiti cha mbele cha Shule ya Shilingi, bure kabisa, kama mgeni wa mwalimu, akaandika kila neno kwenye daftari. Akaandika somo la kwanza, kwamba hela isiyo na kazi hutafuta kazi ya kukutoroka. Akaandika la pili, kwamba tajiri hununua watu wakiwa wamelala. Alphonce mwenyewe hakujua somo la pili lina maana gani, lakini lilipokelewa vizuri.

Somo la tatu hakulifundisha darasani. Alimsubiri Winfrida nje, Jumanne, wenzake walipokwisha kupanda bodaboda.

"Mdogo wangu, wewe si wa elfu thelathini. Wewe nitakwambia la chumbani. Ziwa si linafungwa karibuni, samaki wapumzike?"

"Ndiyo, mwalimu. Miezi mitatu."

"Miezi mitatu hakuna kuvua. Dagaa watauzwa kama hereni. Mimi nina magunia arobaini ghalani Kagunga. Natafuta mwenzangu mmoja tu, mwaminifu." Hapo aliupapasa upande wa kushoto wa suruali, kama ilivyokuwa desturi yake kila alipolitaja neno hilo. "Unaweka malimbikizo yako, ziwa likifungwa unachukua mara mbili."

Macho ya Winfrida yalikuwa yameanza kununua viatu.

"Ni dagaa wazuri? Si wale wenye mchanga?"

"Weupe, wakavu. Wamevuliwa mwezi uliopita, ile wiki ya mwezi mpevu. Wavuvi wenyewe waliniambia mbalamwezi ilikuwa kali mpaka dagaa walionekana majini kama sarafu zilizomwagwa."

Hakuna aliyemwomba huo mwezi. Aliuongeza kwa ajili ya uzuri tu. Uongo mtupu humfikisha mtu salama. Kinachomuuza ni mapambo.

Winfrida aliinamisha uso juu ya daftari. "Mwezi mpevu, mwalimu?"

"Mpevu kabisa."

"Haya." Akaandika. Alipoinua uso alikuwa na haya ya binti aliyelelewa. "Mimi nimekubali. Ila kwetu Mwamgongo mshahara wa kwanza hauliwi kabla wakubwa hawajaushika kwa mikono yao. Na wewe unayetaka kuufanyia kazi, lazima wakuone. Twende Ijumaa."

"Kwa nini Ijumaa?"

"Ijumaa wanaume wote watakuwapo nyumbani. Ila mwalimu, kwetu mkono mtupu haupokelewi."

Alichana karatasi, akamwandikia: sukari kilo tano, sabuni mche mmoja, vitenge viwili, blanketi la babu, jembe jipya moja lisilo na mpini.

"Jembe la nini?"

"Mama mkubwa ni mkulima."

"Sasa mbona halina mpini?"

"Mpini watatia wenyewe."

Alphonce aliuheshimu ubahili huo. Alinunua vyote kwa elfu themanini zake za matumizi, bila kugusa mfuko wa siri, akijiambia kwamba anayekililia chambo hafai kuvua.

Ijumaa mchana, ufukweni Kibirizi, boti ya abiria ilijaa magunia, matanki ya maji na wanawake wa biashara. Winfrida alimkatalia kuliweka jembe chini. "Halilazwi sakafuni, mwalimu. Lipakate." Basi akalipakata, limefungwa kitenge, ncha yake ikichungulia kama mtoto mgongoni.

Kando yake alikaa Révérienne, mama wa Kirundi aliyeolewa Kagunga, muuza vitenge. Aliitazama ile ncha, akamtazama mwenye nayo, uso ukamfunguka.

"Kaka, hilo jembe ni lako?"

"Langu, mama."

"Jipya?"

"Halijagusa udongo."

Révérienne alipiga makofi matatu, akawatafsiria wanawake wa nyuma kwa Kirundi, nao wakaguna kwa furaha. Mmoja akampa Alphonce chungwa. Mwingine akasogeza gunia apate kunyoosha miguu.

"Ukifika usiseme sana," Révérienne alimnong'oneza. "Sema ndiyo, tazama chini. Na mkubwa akikohoa, usicheke."

Watu wa ziwa, Alphonce aliwaza huku akimenya chungwa, wanaheshimu kilimo kuliko nilivyodhani. Mbele ya boti Winfrida alitazama maji, mabega yakimtikisika. Alphonce alidhani ni upepo.

Mwamgongo walipokelewa na shangazi wanne, wakanyang'anywa mizigo, wakaingizwa sebuleni. Ilikuwa bado mapema, jua la saa kumi. Mama mkubwa Yunisi alikaa kwenye mkeka. Babu, Mzee Eliakimu, aliyevua kwa miaka hamsini, alikaa kwenye kiti pekee. Jembe likawekwa katikati yao, juu ya kitenge, na watu wote wakalitazama kimya kama mgonjwa aliyepata nafuu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, kijana. Jembe tumeliona." Mzee Eliakimu akakohoa. Alphonce hakucheka. "Mshenga wako yuko wapi?"

"Mshenga wa nini, mzee?"

Mama Yunisi aligeukia ukuta. "Amebeba jembe kutoka mjini, hajui la nini," aliuambia ukuta. "Sisi Waha, mwanamume akileta jembe jipya kwa wazazi wa binti, hajaleta la kulima."

Alphonce akamtafuta Winfrida kwa macho, akamkuta ametulia kama sindano kwenye mto.

"Babu," Winfrida alisema kwa adabu, "pengine aanze na habari za dagaa. Ana magunia arobaini Kagunga. Yamevuliwa mwezi mpevu."

Nyumba ilianguka kwa kicheko. Shangazi mmoja alitoka nje akacheke vizuri. Mzee Eliakimu alijifuta machozi kwa blanketi jipya.

"Kijana, dagaa anafuata taa. Mbalamwezi ikiwaka, taa yako itamwita nani? Wiki hiyo mitumbwi yote iko mchangani, wanaume wanashona nyavu na kugombana na wake zao. Hata chekechea wetu wanajua." Kicheko kikaisha polepole, kama mvua inavyokatika. "Sasa tusaidie. Umepanda boti moja na mjukuu wangu, na jembe mapajani, watu wameona. Wewe ni mkwe, au ni mwizi? Ukiwa mwizi, mtendaji anakaa nyumba ya tatu. Na vijana wa mwaloni, wenye mitumbwi, wako hapo nje, hawana kazi. Mwezi leo ni mpevu."

Alphonce alitazama mlango. Mlango ulikuwa umejaa mabega.

"Mkwe," alisema.

Vigelegele vikapigwa.

Ukwe ni heshima, na heshima ina bei yake. Palikuwa na faini ya kuja bila mshenga. Palikuwa na faini ya kupanda boti na binti wa watu mchana kweupe. Palikuwa na ya kumchekesha mzee kabla hajala, ambayo Mama Yunisi aliitunga hapo hapo na kikao kikaipitisha bila kupingwa. Jumla ilikuwa laki tisa.

"Mzee, hela kiasi hicho sijatembea nayo."

"Mfuko wa ndani, babu," alisema Winfrida. "Upande wa kushoto. Huwa anaupapasa kila akisema uaminifu."

Faini ikalipwa. Wakubwa wakatoka nje kushauriana, wakakaa huko muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai, wakarudi na nyuso za maombolezo. Posa imekataliwa, alisema Mzee Eliakimu, binti hataki. Faini hairudi. Akaribie wali na samaki, migebuka.

Asubuhi Winfrida alimsindikiza ufukweni. Daftari lilikuwa mkononi, ukurasa wa majina thelathini ya Shule ya Shilingi.

"Jumatatu kila mtu atapata elfu thelathini yake," alisema. "Mshahara wangu mama mkubwa ameushika, ameuombea, amenirudishia. Amesema ninunue viatu."

"Ulinijua tangu lini?"

"Tangu mwezi mpevu." Alimtazama bila tabasamu. "Ungesema wamevuliwa gizani, mwalimu, ningekupa zote. Nilikuwa nimeshafungua mkoba."

Hilo ndilo lililomuuma Alphonce kuliko laki tisa. Alipanda boti na nauli yake ya mwisho, akakaa penye nafasi. Bahati haikumwonea huruma hata hapo: jirani yake alikuwa Révérienne, anarudi mjini na vitenge vyake vilivyobaki. Alimtazama uso, akamtazama mapaja matupu.

"Wamekupokea, kaka?"

"Wamenikataa, mama."

"Pole sana." Révérienne alifikiri kidogo. "Na jembe?"

Alphonce aligeukia ziwa.

"Jembe wamelikubali."