Gwaride la Majitu

Jumatatu, 7 Julai 2025
Nimemwambia mke wangu, Ayaa, kwamba nimechaguliwa kuingia timu ya wazee itakayocheza mchezo wa vita wa kompyuta chuoni Kyambogo Jumamosi. Sijachaguliwa. Nafasi mbili zimeshajaa. Ya tatu tunaigombea wawili: mimi, mkufunzi wa gwaride wa polisi kwa miaka thelathini na mmoja, na Nakhisa, mama wa Kikenya anayeuza mashuka hapa Namuwongo. Muuza mashuka! Maimunah, mwenye chumba cha kompyuta, ataamua Ijumaa. Jambo dogo. Ila Ayaa ameshaiambia kwaya nzima.

Jumatano, 9 Julai
Mchezo huu una zaidi ya miaka ishirini, na bado una heshima yake. Majitu hayapigani kama wachawi, wala wachawi hawapigani kama watu. Mfanyakazi ukimgusa huitika papo hapo. Nyumbani kwangu hakuna kitu kama hicho. Kasoro: amri moja haichukui askari zaidi ya kumi na wawili, na ukiwatuma mahali pamoja kila mmoja hushika njia yake kama mbuzi. Sivumilii! Leo niliyapanga majitu yangu safu tatu, marefu kulia, mafupi kushoto. Dakika tisa. Safi kabisa! Joka la Nakhisa likapita juu na kuyachoma yote kwa pumzi moja. Nakhisa akanishukuru kwa kumrahisishia kazi. "Afande," akasema, "hata mashuka yangu hayajawahi kupangwa hivyo."

Alhamisi, 10 Julai
Mpango mpya. Kambi isiyoingilika! Nyumba ukuta kwa ukuta, minara kwenye pembe. Nakhisa alizunguka asipate hata upenyo. Nikacheka kwa sauti. Kisha nikaliamuru jeshi litoke. Halikutoka. Nilikuwa nimesahau lango. Majitu arobaini yakabaki yanasukumana ndani, na Nakhisa akachimba dhahabu yote ya nje bila haraka, akinywa chai. Maimunah akauliza kama najisalimisha au naomba ruhusa ya kutoka.

Ijumaa, 11 Julai
Asubuhi nilipita kwa Nakhisa nikamweleza, kwa masikitiko, kwamba mashindano yameahirishwa hadi Agosti. Akanipa pole. Kisha akampigia simu Maimunah mbele yangu.
Amechaguliwa yeye.
Nilirudi nyumbani kusema ukweli. Nikamkuta Ayaa anapiga pasi shati langu jeupe. Kwaya inakuja kushangilia. Wanawake wanane. Sikusema.

Jumamosi, 12 Julai
Kyambogo. Wapinzani: wahadhiri wastaafu. Kila upande ukashinda mchezo mmoja. Nakhisa akakaa kucheza wa tatu. Ayaa akauliza, mbele ya kwaya yote, "Baba Amony, mbona yule mama amekaa kwenye kiti chako?"
Nikakohoa.
Nakhisa akamtazama Ayaa, akatazama magauni manane ya gomesi ya rangi moja, akanitazama mimi. Akasimama. "Mama Amony, nilikuwa ninampashia kiti joto tu." Aliponipita akaninong'oneza, "Afande, wapeleke tu. Usiwapange!"
Nikacheza vizuri. Vizuri mno! Majitu kumi na manane, safu tatu, mbele ya ngome ya adui, lango limevunjika, ndani wamebaki wapiga mishale wanne. Nyuma yangu Nakhisa anasema nenda, nenda, nenda. Lakini jitu la tatu kutoka kulia lilikuwa limejitokeza hatua mbili nje ya mstari. Mbele ya wageni! Nikalirudisha. La nne nalo likasogea. Nikalirudisha pia. Adui akapata muda wa kuita majoka sita.
Tumeshindwa. Kwaya ikaimba hata hivyo, kwa kuwa ilikuwa imejiandaa.

Jumapili, 13 Julai
Nakhisa hajamwambia mtu yeyote. Ayaa naye hakuuliza, ila aliliondoa shati jeupe kimya kimya. Nimetafakari usiku kucha, nami nimeliona kosa. Safu zilikuwa tatu. Zilipaswa kuwa nne. Kesho nitamweleza Nakhisa. Maskini, mama wa watu hakupata mkufunzi.