Baiskeli ya Mkwe

Jumamosi, 7 Juni
Mkwe kaenda kukaa wiki nzima kwa mwanyumba, yule bwana aliyemwoa dada wa mke wangu. Nilipomuaga alinipungia mkono kama anayefukuza inzi. Yule, mzee anamwita "mwanangu". Mimi ni "mume wa huyu". Miaka tisa naishi naye nyumba moja, nampashia maji ya kuoga, bado mume wa huyu! Sasa basi. Stoo kuna baiskeli yake ya mashindano, ya chuma, ya enzi za ujana. Rangi imepauka, kromu imeshika kutu. Akirudi ataikuta inameta. Tuone nani atakuwa mwana.

Jumapili, 8 Juni
Mke wangu kasema nimuulize baba yake kwanza. Nimemjibu zawadi ya kushtukiza haiombewi ruhusa. Kaguna. Ukoo mzima una kipaji cha kuguna.
Nimepiga msasa kutwa. Fremu imebaki uchi. Kwenye bomba la juu mtu alikuwa ameandika "rudi mapema" kwa rangi ya kucha, herufi zimepinda. Watoto hawana adabu. Nimezifuta.

Jumanne, 10 Juni
Kutu ya usukani ilikuwa ngumu, na mimi mgumu zaidi. Imetoka. Imetoka na kromu yake! Chini kuna kitu cha rangi ya sufuria kuukuu.
Mwanyumba kapiga simu: mzee anakula vizuri, wanacheza drafti. Nani kamuuliza?

Alhamisi, 12 Juni
Nimepuliza rangi nyekundu uani. Upepo ukageuka. Jirani kaja na shuka zake mbili, akauliza tumechinja nini. Usukani nimeupaka rangi ya fedha ya kopo. Ukisimama mbali, jicho moja umelifumba, ni kromu kabisa.

Jumamosi, 14 Juni
Mzee kaletwa na mwanyumba. Nimefunua baiskeli kwa mbwembwe. Kaushika usukani kwa mikono miwili. Viganja vikawa vya fedha! Hata hakuvitazama. Alikuwa anapapasa bomba la juu. Anainama, anapapasa tena. Kisha akauliza, sauti ndogo:
"Maandishi ya mama yenu yako wapi?"
Kumbe marehemu mama mkwe aliyaandika mwaka waliooana. Ningejuaje? Nimuulize maiti? Mke wangu akakimbilia jikoni kulia. Mwanyumba akachukua kitambaa, akamfuta mzee viganja, kidole kimoja kimoja. Mnafiki!

Jumapili, 15 Juni
Mkwe hatoki chumbani. Nimempelekea chai, kasema niiache mlangoni. Hata "mume wa huyu" hakuniita. Wema wangu umenitokea puani. Wanasema tenda wema nenda zako. Mimi niende wapi, nami naishi hapahapa?
Nimekaa sebuleni peke yangu, roho inauma, nakiri. Ndipo nikaliona koti lake, limetundikwa nyuma ya mlango. Kiwikoni lina kiraka cha kushonwa kwa mkono, uzi wa kijani juu ya kitambaa cheusi, mishono imekwenda upande. Mzee wa heshima anatembeaje na aibu ile? Na hakuna mwanawe hata mmoja aliyeliona!
Kesho asubuhi, kabla hajaamka, nalipeleka kwa fundi cherehani akifumue kiraka chote. Mwanyumba atajuta kunifahamu.