Mafuta ya Karafuu na Chumba cha Nyuma

Jumapili, 3 Agosti

Nimedharauliwa katika nyumba yangu mwenyewe! Tena mezani, mbele ya mabinti zangu wawili, kijiko kikiwa mdomoni. Mke wangu kasema chumba cha nyuma nikiache. Apewe mama yake. Eti tangu Mei mama mkwe analala kitanda kimoja na wajukuu, kitanda chake kimeegemezwa ukutani uani, magoti yanamuuma, na yule mdogo anapiga mateke usingizini. Sasa mateke ya mtoto nimeyatuma mimi?

Chumba cha nyuma ni ofisi yangu. Ndimo nilimofuga sungura. Ndimo nilimotengeneza mishumaa isiyozimika (ilizimika). Mke wangu akaniuliza ofisi hiyo imezaa nini. Nikasema imezaa uzoefu. Akacheka kile kicheko chake cha puani. Nakichukia kicheko kile!

Ikabidi nitoe siri kabla haijaiva. Mafuta ya karafuu! Si ya kukaangia. Ni ile roho yenyewe ya karafuu, inayotolewa kwa mvuke. Kiwanda cha viazi vya kukaanga kule barabara kuu kinatafuta kitu cha asili cha kuchanganya na mafuta yao, yasiharibike upesi yakaanza kunuka. Wataalamu wanakiita antioksidanti. Mafuta yakikaa wazi hewa inayala, pole pole, kama kutu inavyokula bati. Antioksidanti inaizuia hewa. Na katika viungo vyote, karafuu imejaaliwa hiyo mpaka basi. Nimesoma. Nusu ukurasa, lakini nimesoma.

Mke wangu akaweka sharti. Kwenye chuo kuna maabara, na kuna dada anayepima vitu hivyo. Nikipata jibu lake Jumamosi kwamba nilichotengeneza ni mafuta kweli na yana nguvu, chumba ni changu. La sivyo, Jumapili saa sita mchana kitanda cha mama yake kinaingia. Nikakubali. Nikapiga kifua. Nikapaliwa.

Mama mkwe alikuwa pale pale. Aliendelea kuchambua maharage. Ukimya ule unaniudhi kuliko maneno yote ya binti yake.

Jumatatu, 4 Agosti

Mchomeleaji hana adabu. Nimempelekea sufuria ya presha ya mke wangu na bomba la shaba la friji iliyokufa, aviunge. Kabla hata hajawasha moto ananiuliza kama mwenye sufuria anajua. Nikamwambia ashughulike na chuma, ndoa aniachie mwenyewe. Akaitoboa sufuria huku anatikisa kichwa. Fundi gani anatikisa kichwa mbele ya mteja?

Lakini mtambo umetoka mzuri. Karafuu na maji ndani ya sufuria, moto chini. Mvuke unapanda kwenye bomba, bomba linajizungusha ndani ya ndoo ya maji baridi, mvuke unapoa, unadondoka kwenye chupa ya kioo. Rahisi! Nashangaa kila mtu hafanyi.

Mke wangu kauliza sufuria yake iko wapi. Nikasema iko kazini.

Jumanne, 5 Agosti

Siku ya laana. Karafuu zilipanda na mvuke zikaziba tundu la bomba. Sufuria ikaanza kutetemeka. Nikaikemea. Ikafyatua kifuniko! Karafuu ziko darini mpaka sasa, zimenasa, na kila mlango ukifungwa kwa nguvu moja inadondoka.

Mama mkwe akaja polepole na magoti yake, akatazama juu, akatazama chini. Kasema karafuu zifungwe kwanza kwenye kitambaa safi chepesi, hazitapanda. Nikajibu nilikuwa nafikiria hivyo hivyo. Sikuwa nafikiria hivyo. Lakini mtu atakubalije kufundishwa huku ana karafuu sikioni?

Kumbe aliwahi kufanya kazi kiwanda cha sabuni, miaka kumi na tisa. Hakuna aliyeniambia. Wala sikuuliza. Sabuni na karafuu wapi na wapi!

Jumatano, 6 Agosti

Yametoka! Nimetumia kitambaa. (Wazo lilikuwa hewani, si la mtu.) Matone yamedondoka asubuhi nzima, chupa ikajaa. Juu kuna maji meupe kidogo, kama yaliyooshewa mchele, yananukia mpaka machozi yanatoka. Chini kabisa kumejikusanya matone ya rangi ya manjano, mazito, yanabingirika ovyo. Uchafu huo. Kutu ya friji, bila shaka.

Mafuta huelea juu ya maji. Hata mtoto wa darasa la pili anajua. Kwa hiyo nikayamimina ya juu kwenye chombo safi, kwa mkono wa daktari, na yale mataka ya chini nikataka kuyamwaga chooni.

Mama mkwe akaniomba nisiyamwage, nimtilie kwenye chupa. Yaani ayachukue yeye. Nikampa. Mimi si mchoyo. Nikamwambia atapigia deki. Akacheka kidogo, akasema mtaka cha uvunguni sharti ainame.

Nimeifikiria kauli hiyo mchana kutwa. Ananisema kitambi! Anajua siwezi kuinama. Mke wangu kasema mama hakuwa anasema kitambi. Sasa alikuwa anasema nini? Mke wangu akaniambia nifikiri. Sina muda wa mafumbo, nina kazi.

Alhamisi, 7 Agosti

NAIBIWA.

Niandike kwa utaratibu. Asubuhi nimeyapaka mafuta yangu kidoleni. Yanalowesha, hayatelezi. Nikajua bado machanga, yanahitaji kukazwa. Nikayaweka kwenye sufuria pana, bila kifuniko, moto wa wastani, yachemke mpaka yawe mazito.

Nyumba nzima ikanukia. Mtaa mzima! Jirani wa ukuta wa pili akaja kuuliza kama tumefungua kliniki ya meno. Nikafurahi. Kisha nikachungulia sufuria: yamepungua nusu. Nikanusa: harufu imepungua pia. Mtu kayachota!

Na nani ananukia karafuu nyumba nzima? Mama mkwe! Nywele, shuka, viganja. Na magoti? Leo kapanda ngazi na ndoo mkononi, mzima kabisa. Wiki iliyopita alikuwa anapanda kwa mikono na miguu. Kikulacho ki nguoni mwako!

Lakini mama mkwe utamkamataje? Si mtu wa kumshika shati. Nikamwamkia tu, shikamoo, kwa uso mkavu kuliko wote nilionao. Akaitikia marahaba baba, akauliza kama nimekula. Hila hiyo!

Nikaweka mtego. Nikachora mstari wa mkaa ndani ya sufuria, mafuta yalipofikia. Nikakaa mlangoni mwenyewe, mikono nimekunja. Hakupita mtu. Hakupita hata inzi. Saa moja baadaye nikatazama: yameshuka chini ya mstari, kidole kizima! Huyu si mwizi wa kawaida.

Nilishindwa kuvumilia, nikamweleza jirani juu ya ukuta. Nikasema wazi, mama mkwe wangu ananiibia. Pengine sauti ilikuwa juu kidogo. Nilipogeuka, mama mkwe alikuwa anaanua nguo nyuma yangu. Akazikunja zote, za kwangu akaziweka juu.

Jioni hakula. Kasema ameshiba.

Ijumaa, 8 Agosti

Kilichobaki kinajaa nusu ya kichupa cha dawa ya kikohozi. Sawa. Kizuri hakiwi kingi. Nimekibandika karatasi: MAFUTA HALISI, DARAJA LA KWANZA. Karatasi imezunguka chupa mara mbili, haionekani ndani. Vizuri zaidi.

Halafu tusi jipya. Mke wangu kasema kesho tutapeleka na kichupa cha mama yake. Yale mataka! Nimeuliza kama ana kichaa, kupeleka maji ya deki kwa wasomi, tuchekwe mpaka getini. Kasema kama ni maji ya deki nina hofu gani. Sina hofu! Nimesema sina hofu mara nne, ya mwisho nikapiga meza, karafuu tatu zikadondoka kutoka darini kwenye mchuzi.

Jumamosi, 9 Agosti

Sijui nianzie wapi. Nianzie na benchi. Tumekalishwa kwenye benchi saa nzima, mimi, mgunduzi! Kisha mlinzi wa mlangoni anataka niandike sababu ya kuja, na mahali pa kuandikia hapatoshi. Nilikuwa bado nagombana naye wakati dada wa maabara anaeleza kipimo, kwa hiyo utangulizi sikuusikia vizuri. Kosa la mlinzi.

Kuna vichupa vitatu vyembamba vya maji ya zambarau. Cha kwanza hakutia kitu. Cha pili akatia matone ya kwangu. Cha tatu akatia tone moja, moja tu, la mataka ya mama mkwe.

Tukangoja. Cha mama mkwe zambarau ikafifia, ikapotea, ikabaki rangi ya manjano kama chai iliyoongezwa maji. Cha kwangu? Zambarau tupu! Haikutikisika! Nikaruka. Nikampa mlinzi mkono. Antioksidanti si inalinda? Yangu imelinda rangi, ya mama mkwe imeshindwa!

Dada wa maabara akangoja nimalize. Kisha akasema ni kinyume. Zambarau ile ndiyo adui, imewekwa pale makusudi badala ya hewa inayokula mafuta. Mafuta yenye nguvu huimaliza, ndiyo maana inageuka njano. Ya mama mkwe ni mafuta ya karafuu halisi, makali, na angependa kumjua aliyeyatenga vizuri namna ile. Ya kwangu ni maji.

Maji!

Akaendelea, maana hakuna aliyemzuia. Mafuta ya karafuu ni mazito kuliko maji. Huzama. Niliyotaka kuyamwaga ndiyo yenyewe. Na kile kidogo kilichokuwa kimebaki kwenye maji nimekichemsha mwenyewe kikaenda na mvuke, kikaingia kwenye mapazia, nguo na nywele za watu. Mke wangu akanitazama. Sikumtazama.

Mafuta yazame! Kesho wataniambia mawe yanaelea. Nikamwomba dada aangalie tarehe ya ile zambarau yake, labda imeshapita. Akaniambia imetengenezwa leo asubuhi. Basi ndiyo hiyo, bado changa.

Tumerudi. Nyumbani nilitegemea kelele, nilikuwa nimejiandaa kwa kelele. Mke wangu hakuzipiga. Kaniketisha ndani ya chumba cha nyuma, kwa upole, na hapo nikaogopa kweli. Kasema chumba kinatutosha sote. Kitanda cha mama dirishani, meza yangu mlangoni. Mama atatenga mafuta, mimi nitawasha moto, na kiwandani tutakwenda pamoja. Sharti ni moja. Niende kwa mama yake, niliyemwita mwizi huku jirani akisikia, niseme nimekosea. Basi. Kabla ya saa sita kesho. Kasema ameolewa nami miaka kumi na minne, neno hilo hajawahi kulisikia kinywani mwangu, na angependa alisikie hata mara moja kabla mmoja wetu hajafa.

Nikasema nitafikiria. Akasema haya.

Jumapili, 10 Agosti

Nimelifanyia mazoezi bafuni. Neno lenyewe si refu. Nilifika katikati nikakohoa. Nikarudia, nikakohoa tena. Bafu hilo lina vumbi.

Saa tano na nusu nikamwendea. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda cha wajukuu, vitu vyake vyote viko kwenye begi moja. Sikujua kwamba ni vichache hivyo. Nikasema mama, kuhusu yale mafuta. Akaweka begi chini, akanitazama, akasema nakusikiliza baba. Hakuwa na kinyongo hata chembe. Na mimi nilitaka, Mungu shahidi yangu. Macho yaliniwasha, nilitaka kabisa. Kisha nikausikia mdomo wangu ukimwambia kwamba zambarau ya chuo ilikuwa mbovu, na kama yeye ni mtu wa haki, arudishe kichupa chake kikapimwe upya.

Akainamisha kichwa, akasema sawa baba.

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni. Alikwenda uani, akashika kitanda upande mmoja, akanisubiri nishike wa pili. Nikashika. Kilikwama mlangoni mara mbili. Ule mlango ulijengwa vibaya tangu mwanzo, nimesema miaka yote.

Sasa naandika nikiwa kwenye korido, kati ya jiko na choo. Meza yangu imeenea kwa shida, miguu yangu inatokeza nje, na chupa zangu ziko kwenye rafu ya viatu. Kila anayepita lazima anigonge. Lakini niseme ukweli, adabu ipo. Mama mkwe amepita mara tatu kabla ya chakula, na mara zote tatu ameniomba radhi. Mara ya tatu alinikanyaga kidogo, akasimama, akashika bega langu, akasema nisamehe baba, nimekosea.

Nikamsamehe palepale. Mimi sina roho ya kuweka mambo moyoni. Mtu akikosea akakubali, yamekwisha, tena anapata heshima. Ni neno jepesi kabisa lile. Sielewi kwa nini watu wengine linawashinda.