Kusawazisha Seli Nne

Jumatatu, 3 Machi
Siku ya ishirini na moja bila mke wangu. Yuko kwa dada yake, ambako umeme ukikatika kuna betri ya dukani, na shemeji hachoki kuitaja. Mke wangu ni fundi cherehani. Jumamosi anakuja kuchukua cherehani yake, na ikishatoka hapa, yeye ndiyo basi tena. Mpango: niunde betri yangu. Seli nne kuukuu, nimezifunga kwa mfululizo, chanya ya hii kwa hasi ya ile. Akiiona ikizungusha mota ya cherehani, atabaki. Mimi ni mwashi, lakini waya ni waya.

Jumanne, 4 Machi
Jirani yangu fundi redio, tunayemwita Mzee Mita, kachungulia dirishani. Kasema seli za mfululizo lazima zisawazishwe kabla ya kuchajiwa. Wivu tu. Hata hivyo nimetoa pimamaji yangu ya uashi, nikazisawazisha. Ya tatu ilikuwa chini kidogo, nikaiwekea kipande cha kadibodi. Kiputo katikati kabisa! Nimepika chakula cha watu wawili tena. Mkono haujazoea.

Alhamisi, 6 Machi
Nilichaji jana. Leo seli ya tatu imevimba kama shavu la mwenye jino bovu. Na chaja ilionyesha volti kumi na nne, barabara. Mzee Mita alipoiona pimamaji alicheka mpaka akashika ukuta. Kumbe kusawazisha ni kuzifanya zilingane chaji. Chaja inaona jumla tu, alisema, haijui nani ameshiba na nani ana njaa. Iliyotangulia kujaa inaendelea kushindiliwa. Kanipa seli nyingine. Kaniagiza nizifungue zote, niunganishe chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, nizipe siku mbili zigawane. Akanywa chai, akaenda zake. Nyumba ikawa kimya sana. Nilimchukia kwa kuondoka.

Ijumaa, 7 Machi
Siku mbili ni nyingi. Nimezipa saa tatu, nikazirudisha kwenye mfululizo. Nimefagia. Nimepiga shati pasi. Nimejizoeza maelezo mbele ya kioo, kuanzia chanya na hasi. Kioo kilisikiliza vizuri.

Jumamosi, 8 Machi
Alikuja na mkoba begani, akakaa bila kuutua. Nikawasha. Cherehani ikashona shibiri moja ya pindo, ikanyamaza. Seli moja imeishiwa, zimezima zote. Nikamweleza mfululizo, chanya, hasi, jumla. Karibu saa nzima. Aliposimama alisema hakuondoka kwa ajili ya umeme. Aliondoka kwa sababu naweza kukaa naye siku tatu nisimuulize ameamkaje, na hata leo sijamuuliza. Nilitaka kumwambia nyumba imenishinda bila yeye. Nikamwambia Mzee Mita kanipa seli mbovu.

Kachukua cherehani. Mlangoni kaniambia nimpigie simu kesho, nimsalimie tu, basi.

Nimelia kidogo. Kisha nikaona kosa lilipo: betri ilikuwa ndogo. Kumpigia nitampigia, ila si kesho. Kwanza nipate seli nyingine nane, nisije nikakosa la kumwambia.