Machungwa Yasiokotwe Mpaka Yahesabiwe

Mheshimiwa Sheha, waheshimiwa masheha wastaafu, mashehe wetu, wadau wote wa chungwa wa Mtambile, na mimi mwenyewe, Mratibu Mkuu wa Mradi wa Kudhibiti Nondo, Daraja la Kwanza: assalaam alaykum! (Wanaitikia watu watatu.)

Kosa la wengi wenu ni kudhani kwamba funza wa machungwa huletwa na mvua. Funza ni mtoto wa nondo, mdudu wa kijivu asiyefika hata ukucha wa kidole, ambaye hutaga yai juu ya ganda. Kitoto kikatoboa, kikala ndani kwa ndani, chungwa likageuka manjano kabla ya wakati, likaanguka, naye akatoka, akajizika mchangani, akaibuka nondo mwengine. (Mzee Silima: "Sasa dawa?")

Dawa ni data, Mzee Silima! Ndiyo maana mwaka jana, kwa kuzingatia mpango mkakati shirikishi, niliagiza kwamba chungwa lililoanguka lisiguswe wala lisiokotwe mpaka timu ya wataalamu ifike kulihesabu, na leo nafarijika kutangaza kwamba agizo langu limetekelezwa kwa asilimia mia moja. (Bi Mwatum, mwenye michungwa kumi na minne, anasimama: "Nimelitekeleza mie, mwanangu. Mwaka juzi nilivuna makapu arubaini. Mwaka huu matatu. Chini ya miti hapakanyagiki, na mwakani sijui kama nitapata hata hayo.")

Hongera sana, Bi Mwatum! Kitaalamu, sampuli zimeongezeka! (Makofi ya dereva wa Mratibu.) Tumeshafanya semina nne, warsha saba, na ziara ya mafunzo katika nchi moja ya baridi isiyoota mchungwa, ambako nilisifiwa sana. (Sauti: "Na hao wahesabuji wako wapi?")

Tuseme kaulimbiu! Nikisema nondo, mseme hayumo! Nondo! (Dereva peke yake: "Hayumo!") Nondo! ("Yumo!") Nondo! ("Yumo, na anashiba!")

Kwa kumalizia, nawashukuru wataalamu wetu, ambao mtawaona pindi watakapoajiriwa. Namshukuru mfadhili, ambaye bado tunamtafuta. Na nawashukuru nyinyi kwa subira yenu, kwani siku andiko la mradi litakapoanza kuandikwa, nitarudi kuwaarifu.

(Viti vingi vitupu. Bi Mwatum ameshafika shambani kwake na kapu, ameinama, anapaza sauti: "Enyi majirani! Okoteni yote yaliyoanguka, leo, kabla ya magharibi, muyatie katika pipa la maji, mfunike, funza wafie humo humo.")